Siku Nilipoupiga X Mtaa Mzima

Nianze na lile gumu ili tulimalize. Zile X nyekundu zilizotokea kwenye nyumba za mtaa wetu hapa Kariakoo, zile zilizowaliza watu wazima hadharani na kuvuruga mkutano wa mipango miji, nilizipiga mimi. Kwa mkono wangu, asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu zote (au ndivyo nilivyodhani), na kibaya zaidi nilizipiga vizuri. Hadi leo nikipita kuna watu wananiita Mzee wa X, na mimi naitika tu, kwa sababu nitasema nini?

Kazi yangu ni kutengeneza mabango ya maduka. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kuangalia video kwenye simu na kuharibu vifaa vingi sana, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: kila saa anaona kama watu watagundua kwamba hajui, kwa hiyo anapima kitu, anapima tena, halafu akilala anaota kapima vibaya. Ndiyo maana mtaani waliniita Injinia hata kabla ya hizo X. Walikuwa wananitania, lakini nakiri jina nilikuwa nalipenda.

Basi tukatangaziwa mkutano wa hadhara, kwamba watu wa mipango miji wanakuja kusikiliza maoni kama mtaa upanuliwe, nyumba za chini ziondoke na yaje maghorofa yenye maegesho, au ubaki ulivyo na urekebishwe. Ubishi ukawa haulali. Mangi, mwenye duka la mabomba na koki (katoka Kilimanjaro, na jina lake halisi sidhani kama kuna anayelijua), alisema ghorofa lijengwe hata kesho ili mradi yeye apewe fremu ya mbele. Bi Chausiku, mama mwenye nyumba wangu, alisema mlango wa nyumba ile kauchonga marehemu mumewe, na atakayetaka kuutoa aanze kumtoa yeye. Mimi nikiwa katikati ya kelele hizo nikapata wazo, na mawazo yangu ndiyo balaa langu: nichore mtaa mzima kwa vipimo kamili, nionyeshe kwamba ukifunika mtaro na kupanga meza za wamachinga upande mmoja tu, gari la zimamoto linapita na hakuna nyumba inayoguswa. Nilishajiona nimesimama mbele ya wakubwa, wanatikisa vichwa, wananiuliza nimesoma chuo gani.

Shida ikawa kupima. Nilihitaji alama ileile, kwa kimo kilekile, kwenye kona ya kila nyumba, ili vipimo vyote vianzie hapo. Nikaweka kwa chaki. Mabega ya wapita njia na magunia ya wabeba mizigo yakaifuta. Nikaweka upya, ikafutwa upya. Mtu mwingine angekadiria, lakini mimi nikikadiria nawashwa mwili mzima. Jumapili ya mkutano nikaamka mapema, maduka yamefungwa, mtaa mtupu, nikachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye bango la bucha, nikakata kiolezo kwenye boksi gumu (ndivyo tunavyofanya sisi wa mabango, unatoboa umbo kwenye boksi, unaliegemeza ukutani, unapitisha brashi, na umbo linatoka lilelile kila mahali). Na umbo nililolitoboa, kwa sababu kwenye video zote za wapimaji nilizotazama pointi huwekewa alama hiyo, lilikuwa X.

Najua. Najua! Hakuna mtu Bongo hii, hata mtoto wa chekechea, asiyejua kwamba X nyekundu ukutani maana yake nyumba inakuja kubomolewa. Mimi pia nilijua. Sijui niwaelezeje, ila asubuhi ile kichwani mwangu haikuwa X, ilikuwa pointi, na nilichokuwa naogopa ni kwamba mojawapo itakaa upande. Nikamaliza mtaa wote, nikachukua vipimo vyangu, nikarudi chumbani, nikaweka hedifoni masikioni, nikachora.

Nilipotoka mchana, mchoro nimeukunja kwapani, mkoba wa kazi begani, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, nikakuta mtaa umefurika kama siku ya kazi. Mama mmoja amekaa juu ya godoro barabarani. Mangi anapakia mabomba kwenye mkokoteni huku anatukana kwa lugha ya kwao.

"Mangi, vipi tena? Unahama?"

"Injinia, umelala wapi wewe? Wametupiga X!"

"Nani?"

"Si wao! Wanatuita tutoe maoni na wenyewe wameshamaliza!"

Na mimi (Mungu anisamehe) nikakasirika kwa dhati kabisa. Nikasema huu ni uhuni, haiwezekani, wananchi lazima washirikishwe, nikaongea mpaka watu wakakusanyika na kusema mwambieni Injinia akaongee hayohayo mkutanoni. Halafu Mangi akasogea pembeni, nikaiona X yenyewe ukutani kwake, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, nawaapia, ni kwamba imenyooka. Pembe zote sawa. La pili ni kwamba ni ya kwangu.

Ningesema palepale yangeisha kwa vicheko na labda kofi moja la kisogoni. Lakini nilikuwa nimeshahutubia, wanaume wawili walikuwa wameshanishika mabega kwamba twende, na ulimi ukagoma. Nikajiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikajiambia nitasema wakubwa wakishakaa.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya turubai. Kabla hata salamu hazijaisha watu walishasimama, "X! X kwanza! Tuelezeni X!" Afisa mipango miji, mtu mpole mwenye miwani, akamgeukia mwenzake wa barabara, mwenzake akamgeukia mwenyekiti wetu wa mtaa, mwenyekiti akatazama chini. Nikaona kabisa hakuna anayejua kitu, na nikapumua, nikasema sasa watakana, na mimi nitapata upenyo wa kujieleza. Afisa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, alama mnazoziona zimewekwa kwa kufuata taratibu zote."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Zimewekwa na nani?" Mangi akauliza.

"Na wahusika."

"Sisi wa barabara bado hatujaweka," mwenzake akasema, "labda wenzetu wa maji."

"Mimi kama mwenyekiti," akadakia mwenyekiti wetu, "nilishirikishwa katika kila hatua."

"Hatua ipi?"

"Zote!"

Mama wa godoro akanyanyuka. "Mbona ya kwangu imewekwa konani kabisa, siyo katikati ya ukuta? Maana yake wanavunja kona tu?"

"Swali zuri sana, mama," afisa akasema. "Inapokuwa konani, ile inaonyesha mwelekeo wa upanuzi."

Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu! Nikaanza kujiuliza kama kweli ni mimi, labda na wao walipita alfajiri, labda zipo za kwangu na zipo za kwao, nikaangalia vidole, rangi nyekundu imo ndani ya kucha, lakini hata hiyo nikaanza kuitilia shaka, kwa sababu watu watatu wenye vyeo hawawezi kueleza kwa kina namna ile kitu kisichokuwepo. Au wanaweza? Nilichanganyikiwa kiasi kwamba kama angetokea mtu akaniambia nimetumwa na serikali bila mwenyewe kujua, ningemwamini.

Kilichonizindua ni sauti ya Sefu. Sefu ni dalali, muda wote alikuwa pembeni amechuchumaa karibu na kiti cha Bi Chausiku, ana karatasi ya mauziano na kidau cha wino.

"Bi mkubwa, umesikia mwenyewe, taratibu zote. Nyumba yenye X ni kifusi kilichosimama tu. Mteja wangu ana roho nzuri ndiyo maana anatoa hata hicho kidogo, lakini ni leo, kesho hata yeye atakimbia."

Bi Chausiku macho yalikuwa yamevimba. "Bora nikaanze Mbagala nikiwa na hela ya bati," alisema, siyo kwa Sefu, kwa nafsi yake. "Lete hicho kidude." Akachovya dole gumba kwenye wino.

Mkono wangu ulinyanyuka bila kuniuliza. Mwenyekiti, akijua Injinia anakuja kuwasha moto, akanipa kipaza sauti kwa shingo upande, nacho kikapiga mluzi mkali ambao ulifanya kila mtu, hata Bi Chausiku, ageuke.

"Zile X," nikasema, "ni zangu."

Mangi akauliza: "Zako kwa vipi? Umenunua mtaa?" Turubai zima likaangua kicheko.

"Nilizipiga mimi asubuhi. Nilikuwa napima."

"Kijana, kaa chini," afisa akasema kwa upole. "Hizo ni alama za kitaalamu."

"Katumwa huyo!" sauti ikatoka nyuma. "Kapewa chochote atutulize, ili wabomoe tukiwa tumelala!"

Nieleweni hapo: nimekusanya ujasiri wote niliozaliwa nao, nakiri kosa, na pande zote mbili zinakataa. Wananchi wanasema nawatetea wakubwa, wakubwa wanasema sina utaalamu wa kupiga X. Nikafungua mkoba wangu wa kazi, nikatoa kiolezo, boksi lenye tundu la X na rangi imeganda pembeni, nikatoa na kopo na brashi.

"Haya, piga hapa tuone!" mwenyekiti akasema kwa hasira, akaonyesha ukuta wa ofisi yake nyuma yake.

Na hapa ndipo penye aibu ambayo hata mama yangu mzazi sijamwambia. Watu wote wananitazama, Bi Chausiku kanyanyua dole lenye wino hewani, mtaa mzima unangoja, na mimi nikatoa futi, nikapima kimo kutoka chini. Kwanza nikapima! Watu wakaanza kuguna. Ndipo nikaegemeza kiolezo, nikapitisha brashi, nikatoa. X. Ileile. Dada yake yule mama wa godoro akakimbilia nyumba ya karibu, akarudi akipiga kelele, "Ni yenyewe! Mapacha!"

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mangi alinishika ukosi: "Mzigo wangu wote uko stoo kule mtaa wa Gerezani, utaurudisha kwa kichwa chako wewe!" (Niliurudisha. Koki ni nzito kuliko zinavyoonekana.) Afisa akatangaza kwamba, kama alivyokuwa akisema tangu mwanzo, hakuna alama yoyote iliyowekwa rasmi, na mkutano unaahirishwa.

Bi Chausiku akaja taratibu mpaka mbele yangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Na hapa nilipokaa nalia, ulikuwa unaniona?"

Akachukua dole gumba lake lililojaa wino, akaliweka kwenye shati langu jeupe, akalifuta hapo, polepole, mpaka likabaki safi. Halafu akamwambia Sefu aende zake, akaenda nyumbani kwake.

Mchoro wangu hakuna aliyeufungua, isipokuwa mwenyekiti, aliyeubandika kwa gundi ya karatasi juu ya ile X ya ofisini ili wageni wasiione mpaka ipatikane rangi. Aliubandika kichwa chini. Mimi nikapewa kazi ya kufuta nyumba moja baada ya nyingine, na kwa kuwa kuta za zamani hazilingani rangi na kopo lolote jipya, kila nyumba imebaki na kiraka konani, na mimi kila nikipita nakiona na mwili unawasha.

Niliapa. Niliapa kwamba sitapaka tena alama kwenye ukuta wa mtu, na kwamba nikikosea nitasema hapohapo, kabla ulimi haujapata nafasi ya kugoma. Bi Chausiku alinisamehe, akafika mahali pa kunitania, na nikaamini yamekwisha.

Juzi asubuhi kanigongea, anacheka mpaka anashika mbavu. "Injinia! Umeanza tena? Na safari hii mkono ulikutetemeka. Njoo ufute kabla sijakutolea vyombo nje."

Nikatoka. Ipo katikati ya ule mlango wa marehemu. Imepinda, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, rangi imechuruzika mpaka kizingitini, na chini yake kuna namba zilizoandikwa haraka haraka. Hakuna kiolezo kilichopita pale. Nikatazama nyumba ya jirani, nayo ipo. Mbele kidogo Mangi amesimama kwake, ananinyooshea kidole na kucheka.

"Mama," nikasema, "hii siyo yangu."

"Hata ile ya kwanza ulinyamaza siku nzima," akasema, bado anacheka, akanipa kitambaa na mafuta ya taa. "Futa."

Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, naitazama ile kazi mbovu, iliyopinda, isiyopimwa na mtu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaomba iwe ya kwangu.