Nyuzi za Mjomba na Dirisha la Jirani

Juzi mjukuu wangu alinichukua kwenda kunionesha anapofanya kazi, hoteli moja hapo mtaa wa Malindi, si mbali na Forodhani. Nilipofika mlangoni nikacheka peke yangu, maana hoteli yenyewe ndiyo nyumba tuliyokaa utotoni mwangu. Ya kupanga, si ya urithi, usije ukadhani tulikuwa watu wa mali. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu, na sasa hapo wageni wanakunywa kahawa, na pembeni kijana anawapigia gitaa. Kusikia gitaa ndani ya kuta zile zile, nikavuta kiti nikakaa. Bei ya chai yao sikwambii.

Basi nikuhadithie, kama una nafasi. Mie kusoma nilisoma kidogo tu, chuoni kwa Kurani na madarasa mawili matatu ya skuli, kisha mama akaugua nikabaki jikoni. Kwa hiyo nikipotea njia unirudishe.

Mjomba wangu alikuwa mchukuzi bandarini. Mikono migumu kama magome, lakini ukimpa gitaa inalainika kama ya mkanda chapati. Wakati huo nyuzi madukani hazipatikani, ukikatika mmoja alikuwa akichambua waya wa breki ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ya nani, hilo hatukuuliza. Dirisha letu lilitazamana na la jirani, na uchochoro mwembamba, ukinyoosha mkono unapokea chumvi. Tukiazimana vitu juu kwa juu, bila ya mtu kushuka ngazi.

Jirani huyo akioka mikate ya ufuta. Harufu ya ufuta unaoungulia makaani ilikuwa ikiingia kwetu mpaka kwenye mito ya kulalia, na mimi mpaka leo nikiisikia nalala vizuri. Mwanamke mpana, mpole, mjane, na sauti aliyopewa na Mungu nzito kuliko ya mwanamume. Akibisha hodi, bibi yangu hujitanda kanga kwanza, ndipo akumbuke ni nani.

Na alipenda kuimba, maskini. Vikundi vya harusi alikuwa ameshavizunguka vyote, na vyote vikimkataa kwa sauti yake nzito.

"Wananambia nipande, nipande," alimwambia mjomba siku moja, amekaa dirishani anachekecha unga. "Mie ngazi hiyo sina."

Mjomba akamjibu, "Usipande, Bi. Mie ntakushukia hapo hapo ulipo."

Ndipo ikaanza ile desturi yao. Kila Ijumaa, watu wakisharudi msikitini na kula, mjomba huliweka gitaa pajani akaita, "Bi Jirani."

"Naam."

"Nipe sauti."

Jirani hufumba mdomo akavuma, mmm, na mjomba huzungusha yale masikio ya gitaa, akaulegeza uzi mnene, akaulegeza, mpaka ukakutana na ule mvumo. Nyuzi nyengine zikafuata. Sasa hapo akipiga, sauti huisikii masikioni, unaisikia kifuani, kama ngoma inayopigwa nyumba ya pili. Mie nilikuwa nikilala chini sakafuni ili niipate mgongoni. Hakuna mpigaji mwengine aliyepiga hivyo, maana kipimo hakikuwa mkononi mwake, kilikuwa dirishani.

"Gitaa ushaliua hilo," bibi akimwambia. "Linakoroma."

"Halijafa, mama. Limekaa kitako."

Kisha binti wa jirani akaposwa. Jirani akataka jambo moja tu, amwimbie mwanawe siku ya harusi, wimbo mmoja, mbele ya watu. Mjomba akasema hilo juu yake, kwa vile yeye ndiye atakayepiga na kikundi kilichoitwa kwenye harusi hiyo. Wiki ile mikate iliungua sana, kwa sababu mwenye kuitazama alikuwa akiimba, na wateja walinung'unika, lakini waliinunua.

Siku ilipofika, mjomba na wenzake wakawekwa uani nyuma ya pazia, wanawake ndani. Mie nilikaa ukingoni mwa pazia nikipitisha vikombe vya kahawa, nikaona huku na huku. Mwimbaji mkuu wa kikundi, mwanamke wa Mlandege mwenye dhahabu mpaka menoni, akapenyeza kichwa.

"Gitaa lako lina mafua leo? Likaze, au kawapigie wachukuzi wenzako."

Nilidhani mjomba atamwambia ile ni sauti ya jirani. Yeye akainama, akazungusha yale masikio, krii, krii, mpaka nyuzi zikalia kama za watu wote.

Jirani akasimama katikati ya watu, amevaa vizuri, sijapata kumwona vile. Gitaa likaanza, jembamba kama sindano. Akasubiri. Nadhani aliona mjomba amekosea, atarudi. Akalitazama pazia. Mjomba akarudia kule kule juu. Ikabidi apande, na sauti ilipofika katikati ya ngazi ikapasuka.

"Nani kaja na bwana wake humu ndani?" mmoja akauliza. "Mtoeni, hatuna mabaibui."

Ukumbi mzima ukacheka. Bi harusi naye alicheka, akajiziba mdomo kwa mkono wa hina. Jirani akakaa, akatengeneza kanga yake, akawapigia wenzake makofi mpaka shughuli ikaisha.

Ijumaa iliyofuata mjomba akalegeza nyuzi, akaita, "Bi Jirani." Akaita tena. Dirisha lilifungwa, na joto lile. Mikate aliendelea kuuza miaka mingi, lakini ukiitaka ushuke ngazi uzunguke. Mjomba alijaribu kuutafuta ule mvumo wa uzi mnene peke yake, hakuupata, gitaa akalitupa darini likaliwa na mchwa. Husemwa maiti hasemwi. Mjomba alinipenda, alinibeba mabegani mpaka Forodhani. Lakini aliogopa kukosa pilau la harusi za watu, na kwa pilau hilo alimnyamazisha mtu.

Basi nikamwita yule kijana wa hoteli. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba anilegezee uzi mnene.

"Mpaka wapi, bibi?"

Nikataka kumvumia, ikanitoka pumzi tupu. Dirisha la jirani lipo bado, limezibwa kwa mashine ya baridi, inanguruma mchana kutwa. Kijana akaitegea sikio, akacheka, akaulegeza uzi mpaka ukakutana na ule mngurumo.

"Hapo?"

"Hapo hapo, mwanangu," nikasema, ili aache kunitazama. Hapakuwa hapo. Wanaopajua ni wawili, na wote wako chini ya udongo.

"Hii wageni hawataipenda, bibi," akasema kwa adabu, akaanza kukaza. Krii, krii. Katika nyumba nzima ile, hiyo ndiyo sauti pekee niliyoikuta haijabadilika.