Nanga Niliyomlindia Mama Mkwe

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili pale Kawajense, Mpanda. Kila mwaka niliwafundisha watoto kwamba meli ikianza safari inang'oa nanga, na mimi meli sikuwa nimewahi kuiona. Kwetu ni ng'ombe tu. Kichwani mwangu nanga ilikuwa kama kigingi cha kufungia ndama: kinapigiliwa nchi kavu, siku ya kuondoka kinang'olewa.

Basi nikamsindikiza mama mkwe hadi Karema, apande meli ya Kigoma. Meli ilisimama mbali ziwani, mitumbwi ikawa inapeleka abiria. Mama akainuka na kuku wake.

"Mama, pumzika kwanza," nikamwambia. "Meli haiondoki bila kung'oa nanga, na nanga ile pale."

Nilimwonyesha chuma kilichochomekwa mchangani, kamba yake imezama majini. Nikakaa nakilinda kwa macho, huku nikimsomesha mkwe wangu kama darasa la tano. Mtumbwi wa mwisho ulipoondoka niliupungia mkono.

Honi ikalia. Meli ikageuka, ikaenda zake. Kile chuma hakikutikisika.

Mvuvi mmoja akaja, akakichomoa kwa mkono mmoja, akavuta mtumbwi wake.

"Kaka, na nanga ya meli?" nikauliza.

"Si wameivuta kutoka chini ya maji, wakaondoka nayo?"

Mama mkwe akacheka mpaka kuku akamponyoka. "Haya, turudi nikakae na wajukuu," akasema akijifuta machozi. "Ila baba, na darasani huwa unafundisha hivi hivi?"