Vinyago vya Misozi Vilivyokosa Kuvunjwa

Misozi ndiye aliyekuwa akiwafunda wasichana wa upande huu wa Nchelenge. Kila mmoja alimfinyangia vinyago vya udongo: mamba, chungu, mume na mke waliopeana migongo. Ngoma ilipokwisha, vilivunjwa vyote pale pale. Kikibaki kimoja kizima, mfinyanzi wake ana mkosi, na binti atakayemfunda baadaye hazai. Hapa ziwani kila mwanamke analijua hilo.

Chuo cha sanaa cha taifa, kile chenye jumba la maonyesho mjini, hakikulijua, au hakikujali. Mtu wao, Rodwell, alikuja siku ya mwisho ya ngoma ya binti mmoja, akaomba vinyago akavipige picha juani kabla havijavunjwa. Misozi akampa. Gari likaondoka navyo.

Tangu hapo hakuitwa tena penye ngoma. Na sasa Mapalo, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mgongoni, amevunja ungo.

Rodwell alirudi juzi, meno yote nje.

"Mayo, mama yangu, chuo kilianza na vyumba viwili na ngoma kuukuu za machifu. Leo watu wanapanga foleni, na vyako ndivyo vya kwanza, mlangoni, ndani ya kioo!"

"Nirudishie nivivunje."

"Uvunje? Ni mali ya taifa. Hata mimi sina ruhusa kuvigusa."

"Ulipoviiba, ruhusa ulikuwa nayo?"

Rodwell akarudi garini.

Basi Misozi akachimba udongo ufukweni, akafinyanga vingine sawasawa na vile. Akawaita wanawake uani, akaviponda kwa mchi mbele yao. Rodwell, aliyekuwa bado hajaondoka kijijini, alitazama kutoka garini.

Towela, mkubwa wao, akageuza kipande kwa kidole cha mguu. "Ba Misozi, unadanganya sisi ao unadanganya udongo? Hivi vimezaliwa jana. Vile viko bado macho kule."

"Ba Towela, mutoto ni wangu."

"Najua. Njo maana usimuguse. Unataka asizae?"

Wakamfunika Mapalo kitenge kichwani, wakampeleka kwa Towela akafundwe huko. Rodwell akashuka, akapiga magoti, akaanza kuokota vigae na kuvitia mfukoni.

"Chuo kitapenda na hivi, mayo."

Nyumba ya pili, kwa Towela, ngoma ilikuwa imeanza. Wimbo ukafika pa kuitikia, mdomo wa Misozi ukafunguka wenyewe, akauziba kwa kiganja chenye udongo.