Sikio la Ng'ombe wa Duka

Dada yangu Febronia aliolewa Kintinku na mtu asiyeamini hata mvua. Nasema hivi kwa haki ya shemeji. Kwetu shemeji asiyekuchokoza ujue ana kinyongo. Wenzake wakishangilia mawingu, shemeji yangu Mazengo alisimama mlangoni akiyakodolea macho kama wageni wasiotaka kusema wametoka wapi. Mimi nilikuwa nikipakia mizigo pale stesheni, na kila jioni nilipita kwake kula ugali na kumsikiliza akimshuku mtu.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia josho. Miaka kumi na minane alisimama pale ng'ombe wanapotumbukia kwenye dawa, na kila aliyepita alimtazama masikio kwanza. Kwetu kila nyumba ina mkato wake: hawa hukata ncha ya sikio la kulia, wale hupasua la kushoto, wengine hutoboa. Ng'ombe akipotea akaonekana Manyoni, au hata kule Rungwa, sikio ndilo linalomrudisha. Na nyumba moja ina mkato mmoja. Mtu mwenye miwili, kwetu, ana jina moja tu, na jina hilo ni mwizi.

Hapo joshoni ndipo ulipomwanza ugonjwa wa kukusanya. Watoto wachungaji hufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mbugani, humkausha kivulini asipasuke, na kila mtoto humkata ng'ombe wake masikio kama ya kwao. Mazengo akawa anawaomba: dume mmoja kwa kila nyumba, tena baada ya kuuliza wazazi. Chumba ambacho wengine wangelaza wageni yeye alikijaza rafu, na madume sitini na mmoja wakasimama humo wakitazama mlango. Wazee wakigombania ndama walikwenda kwake kutazama. Walimpa kwa sababu walimwamini, basi. Siku wakiacha kumwamini, chumba kile kingebaki mbao na vumbi, na hilo alilijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1989 ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshika kasi. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti yakajaa vioo, chupa za chai na ndala za rangi. Ndipo akaja Abdulrazaki, mfanyabiashara kijana wa Singida mjini, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ya pili ni ya nini?"

"Ya pili ipi, mzee?"

"Kalamu."

"Moja ikiisha wino, mzee."

Mazengo aliguna. Abdulrazaki akaeleza kwamba ndugu zake Dar es Salaam wana mashine ya plastiki. Walitaka kutengeneza kidude cha kuchezea, Ng'ombe wa Kintinku, kwa kumwiga mmoja wa wale wa udongo. Waanze na huyo, akipendwa watoe sita. Walichoomba ni ruhusa yake kwa maandishi, na jina lake lingechapwa kwenye pakiti.

Alipoondoka, Mazengo alinigeukia. "Shemeji, mtu anayeweza kuiba, halafu anaomba? Huyo anataka kikubwa kuliko anachoomba."

"Pengine ni mwaminifu tu."

"Mwaminifu ana kalamu moja."

Akamwandikia Kitwana wa Mandewa, fundi redio aliyekusanya askari wa plastiki. Hao wawili walifahamiana kwa kushuku vitu vilevile. Jibu la Kitwana nililisoma mwenyewe: "Kaka, wakitangaza askari sita, jua wametengeneza watano. Wa sita nimemtafuta tangu Idi. Na wakikuomba sahihi, soma nyuma ya karatasi." Mazengo aliigeuza karatasi ya ruhusa aliyoiacha Abdulrazaki. Nyuma hapakuwa na kitu, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Sikatai kwamba alikuwa na hoja. Sikio la nyumba ya mtu likichapwa kwenye maelfu ya plastiki na kuuzwa kila soko, mwizi gani atashindwa kujifunza kulikata? Angeweza kukataa. Lakini alitaka jina lake likae kwenye pakiti ile. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusema. Basi alasiri moja, nyuma ya jiko la dada, akafinyanga dume kwa mikono yake. Sikio la kulia akalipasua mara tatu, la kushoto akalikata mkato wa moja kwa moja katikati. Mkato huo haukuwa wa nyumba yoyote, alikuwa na hakika. Akampa Abdulrazaki, akaweka sahihi.

Baada ya miezi sita tangazo lilibandikwa sokoni: picha ya dume mwekundu, na chini yake, "Kwa ruhusa ya Mzee Mazengo wa Kintinku." Abdulrazaki alikuwa ametimiza kila neno. Wazee waligombania pakiti kuliko watoto. Walimgeuza dume, wakampima kwa kiganja, wakamchungulia tumboni.

"Dume gani hili? Linalomfanya dume liko wapi?"

"Na sikio la nani hili?"

"La duka," Mazengo akajibu, uso umemnawiri. Yeye alinunua mmoja, lakini hakumpandisha rafuni. Alimweka peke yake dirishani, karantini, kama alivyofanya joshoni kwa ng'ombe asiye na cheti.

Mwaka uliofuata, siku ya mnada, Lazaro jirani yake alimwona mtamba wake aliyepotea wiki tatu. Mwekundu, tumbo jeupe, mkia umeng'atwa na fisi. Lakini masikio yalikuwa na vidonda vipya vilivyopakwa majivu. La kulia limepasuliwa mara tatu, la kushoto limekatwa katikati.

Aliyemshika kamba hatukumjua. Alikuwa mtulivu kabisa. "Hili sikio la duka," alisema. "Halina nyumba. Kama kuna mwenye sikio hili, aje."

Na kwetu rangi hufanana, mikia hung'atwa mingi; sikio ndilo shahidi. Lazaro akaitwa mwongo mbele ya watu. Akamwita Mazengo. "Sema wewe unayeyajua yote. Mkato huu ni wa nani?"

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Akisema si wa mtu, mtamba anakwenda na yule bwana. Akieleza kwamba aliutunga tu, bado si wa mtu.

"Ni wangu," alisema. "Niliukata mimi kabla ya duka. Jina langu liko kwenye pakiti. Lete kamba."

Yule bwana alitazama huku na huku, akaiacha kamba ianguke, akapotelea kwenye mbuzi. Lazaro akamkumbatia mtamba wake shingoni. Nilitaka kupiga makofi, nikaona hakuna anayecheka.

Bibi Stumai, aliyeuza togwa pale, ndiye aliyesema. "Kumbe una sikio la pili."

Mazengo akaeleza yote: kijana wa mjini, kalamu mbili, karatasi, jinsi alivyotaka kuzilinda nyumba zao. Walimsikiliza vilevile alivyomsikiliza Abdulrazaki, wameinamisha vichwa kidogo.

Asubuhi yake Lazaro alikuja wa kwanza. Alishukuru kwa mtamba, akanywa chai, halafu akaomba dume lake la udongo. "Sisemi kitu, Mazengo. Nataka tu akae nyumbani." Wakafuata wengine. Wengine walituma wake zao. Mazengo hakubishana na mtu. Alimfunga kila dume kwa gazeti, akamtoa kwa mikono miwili. Nilikasirika, na hadi leo nina hasira nao. Mtu ametoa jina lake kumwokolea mwenzake mtamba, mnamlipa hivyo? Lakini jioni moja katika wiki hizo nilipitia zizini kwake, nikajikuta nainama kutazama masikio ya ng'ombe wake, mmoja mmoja. Naona aibu kuliandika hilo.

Jumamosi moja, treni ikisubiriwa, nilimwona Febronia jukwaani na furushi la kitenge.

"Wapi, dada?"

"Saranda, kumwona mama."

Alifungua pembe ya kitenge. Ndani alikuwa dume la nyumba yetu, kutoka rafu za Mazengo. Nilimfinyanga mimi nikiwa na miaka minane, na sikio la baba yetu nililikata kwa mwiba.

"Mumeo anajua?"

"Ndiye aliyemfunga."

Treni ikaingia. Nikampokea furushi ili apande, nikamrudishia dirishani.

"Mimi nitarudi Jumatatu," alisema. "Huyu harudi."