Kumsomea Mama Goreth Utafiti wa Mkwewe

Nilikwenda Durban kwa sababu ya mama mkwe wa rafiki yangu. Bahati ni Mkongo wa Bukavu. Tulisoma pamoja Dar es Salaam. Mwaka ule wa 2012 alikuwa anamalizia chuoni utafiti juu ya chimbuko la maandiko ya Wamormoni: kitabu chao kilitoka wapi, kwa mkono wa nani. Mkewe Goreth, Mrundi, ni Mmormoni. Mama yake Goreth ni Mmormoni zaidi. Mama huyo alikuwa akiishi nao, na aliposikia mkwewe anaandika juu ya kitabu chake alitaka asomewe sura nzima ya utafiti huo kabla haijapelekwa chuoni. Asiporidhika, angehamia kwa binti yake mwingine, mtaa wa Cato Manor.

Sura ilikuwa ya Kiingereza, asichokijua. Goreth alijitolea kutafsiri. "Weye utanilainishia," mama akakataa. Kiswahili cha Bahati nusu yake Kifaransa. Ndipo nikapigiwa simu mimi, mhariri wa gazeti huko Morogoro.

Kutoka Johannesburg nilipanda basi. Kwa saa nyingi niliona nyasi za kahawia, zimeunguzwa na baridi ya Juni. Kisha barabara ikaanza kuteremka milimani, hewa ikapata joto, miwa ikatokea pande zote mbili.

Durban, Jumamosi alasiri. Bahati alinipokea kituoni. Tuliposimama kwenye taa za barabarani, ambazo huko wote huziita roboti, nikamuuliza hali ya nyumbani.

"Mama iko na maneno," akasema. "Lakini iko anapika. Siku ataacha kupika, mimi nimekwisha."

Kwao, mtaa wa Overport, nilimkabidhi mama zawadi kwa mikono miwili: majani ya chai ya Mufindi. Goreth akaangalia dari.

"Mgeni, siye Wamormoni hatunywi chai," mama akasema kwa upole, akaiweka juu kabisa ya kabati, kama mtu anavyoficha sumu ya panya.

"Eish, mhariri mzima!" Bahati akacheka. "Kuuliza hukuuliza?"

Jumapili asubuhi tulikwenda kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku yao ya kufunga, na yeyote huruhusiwa kusimama mbele kutoa ushuhuda. Bahati huketi benchi la mwisho, wala hasimami. Mama alisimama.

"Leo nitasomewa alichoandika mkwe wangu juu ya kitabu chetu," akawaambia. "Nimefunga kwa ajili yake. Na kwa ajili yangu, nisije nikamtukana."

Watu wakacheka. Bahati akatazama viatu vyake.

Alasiri, sebuleni, kabla hajafungua saumu, mama alisema: "Soma. Usiruke."

Nilisoma nikitafsiri. Bahati aliandika kwamba kitabu kilitamkwa kwa sauti na kijana wa shambani huko Marekani, waandishi wakiandika. Waumini husema alikitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu. Watafiti wengi husikia ndani yake Biblia iliyosomwa majumbani enzi zake, na hoja zilizogombanisha majirani zake. Mfano mmoja: je, mtoto mchanga akifa bila ubatizo, amepotea? Kitabu kinajibu kwa ukali kwamba hajapotea.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo huko nako watu walibishana juu ya watoto hao?"

"Sana, Mama," Bahati akajibu. "Iko mahubiri ya wakati ule, nimesoma."

Mama akatueleza: kabla ya Goreth alizaa mvulana, akafa kabla ya maji ya ubatizo. Majirani kule Bujumbura walimwambia asimtaje katika sala. Miaka mingi baadaye, hapa Durban, alisomewa ukurasa ule ule wa kitabu, na juma lililofuata akaomba kubatizwa.

"Basi walikuwepo akina mama waliofiwa kama mimi," akasema, "na mtu akawajibu. Weye unasema ni yule kijana. Miye nasema ni Mungu. Hapo sikubali hata kidogo."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini hukuwacheka. Peleka chuoni." Akainuka. "Goreth, sombe imepoa?"

Tulikula ugali na sombe, kisamvu cha kwao, tukanywa rooibosi, majani mekundu ya huko ambayo dini yao haiwakatazi. Bahati alijipakulia mara mbili.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi langu, mama aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili aya ile ya watoto. Niliiandika kwa herufi kubwa. Alifungua kitabu chake mahali panapohusu watoto wachanga, akaichomeka karatasi ya mkwewe humo, akakifunga.

Nilidhani nakwenda kuamua ugomvi juu ya kitabu kilikotoka. Nilirudi nikijua kwamba swali hilo, likiulizwa kwa adabu, humfikisha mtu kwa wale waliokihitaji. Chai yangu nilirudishiwa, pamoja na pakiti ya rooibosi. Mke wangu aliionja hiyo rooibosi, akauliza majani ya chai yenyewe yako wapi.