Masharubu ya Hukmi Ram

"Kwenye basi langu hatapiki mtu yeyote! Siku akitapika, nanyoa masharubu haya!"

Hukmi Ram aliyasema hayo stendi ya Rampur, kasimama kwenye ngazi ya basi, mbele ya makonda, wauza karanga na mbuzi mmoja aliyekuwa akisubiri gari kama wenzake. Na masharubu yenyewe si ya mchezo: yamesokotwa kwa mafuta ya haradali, ncha zimeinuka kama pembe za beberu. Jumapili ile yalitakiwa yampokee bwana harusi wa bintiye. Huku kwetu mwanamume hunyoa masharubu akifiwa na mzazi. Baba wa bibi harusi akitokea bila hayo, wageni watatafuta maiti.

Hakuwa anajisifu bure. Mabasi mengine yanayopanda Sarahan unayatambua kwa ubavu, maana chini ya kila dirisha abiria wamechora walichokula asubuhi. La Hukmi Ram hupanguswa vumbi tu. Gia anaibadili kabla ya kona, si ndani yake. Breki anaigusa kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Na kona kali huitangaza mapema, "Kushoto, ndugu zangu!", basi zima likaegemea pamoja.

Sohan Lal, dereva wa basi la mtu binafsi (ubavu wake tusiuseme, watu wanakula), akaona hapa ndipo pa kummaliza. Akamleta shangazi yake Jwalu, mama aliyewahi kutapika ndani ya basi lililosimama. Akamlisha kwanza sidu mbili, ile mikate ya mvuke yenye kokwa za jozi ndani, zinaogelea kwenye samli. Wakapanda wote wawili, Sohan akakaa siti ya nyuma kabisa awe shahidi.

"Nauli," konda Pyaru akamwambia.

"Tangu lini dereva akamlipa dereva mwenzake?"

Kweli, hiyo ndiyo desturi ya barabara. Pyaru akampita.

Kila kona Sohan alipaza sauti: "Shangazi, unajisikiaje?"

"Najisikia kukuzaba kofi."

Walipofika kwenye hekalu la njiani basi likasimama, mlinzi akagawa punje za sukari za baraka madirishani. Sohan akampelekea shangazi na fungu lake pia.

"Unaninenepesha unichinje?"

Walipopita hekalu tu, mbele yao kondoo wamejaa barabara nzima, na mchungaji katikati. Kushoto mwamba, kulia bonde. Anayependa masharubu kuliko watu angekazia honi, akawaachia wajitafutie njia. Hukmi Ram alikanyaga breki mpaka mwisho. Basi likasimama, kondoo mmoja akilamba bampa. Mchungaji hata hakugeuka.

Vichwa vyote vikamgeukia shangazi. Akacheua mcheuo mrefu wa samli, akapangusa mdomo kwa mtandio.

"Mnanitazama nini? Nimeota pembe?"

Ndipo sauti ikatoka siti ya nyuma. Sohan Lal, aliyezeekea nyuma ya usukani na hajazoea kukaa kiti cha abiria, alikuwa ametoa kichwa dirishani, anauchora ubavu wa basi la Hukmi Ram.

Alipopata pumzi akanyoosha kidole. "Ulisema mtu yeyote. Sivyo?"

Basi likalipuka kwa kelele.

"Huyu hana tiketi!" Pyaru alifoka. "Asiye na tiketi si abiria! Bosi, haingii kwenye hesabu!"

"Mimi namjua tangu anazaliwa," akasema shangazi. "Kwamba ni mtu, hata hilo sina hakika."

Hukmi Ram akawanyamazisha kwa honi.

"Tungetumbukia bondeni, mama yake ningemwambia hakuwa na tiketi? Aliyepanda gari langu ni mzigo wangu. Kaeni vizuri. Kulia, ndugu zangu!"

Sarahan akaegesha, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Abiria walijazana mlangoni, Sohan mbele yao, uso bado umempauka.

Jumapili wageni wa harusi walimshika mkono Hukmi Ram kwa huzuni, wakauliza mzee wake alifariki lini. Aliyewajibu ni mzee mwenyewe, mdomo umejaa peremende.

Kwa kinyozi wa Sarahan, kunyoa masharubu ni rupia thelathini tu; kuvunja neno ni ghali zaidi.