Unga Mweupe kwenye Injini ya Baba

Kila nikikata limau, harufu yake hunirudisha Kitale, nyuma ya nyumba yetu, mama ameketi kwenye kigoda akisugua kifuniko cha injini ya pikapu ya baba. Baba alikuwa amelazwa hospitalini Bungoma tangu mvua zianze, na gari lilibaki uani bila kuguswa. Kilikuwa cha alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ilikuwa imetoa unga mweupe, mkavu, uliokwaruza vidole. Fundi jirani alimfungulia mama kile kifuniko, akamwambia atumie limau na brashi laini, asisugue kwa majivu kama sufuria, maana majivu yangeila alumini.

Nilikimwagia maji, mama akasugua. Polepole weupe ukatoka, mng'ao ukaanza kuonekana.

"Akirudi ataona tulimtunzia gari," alisema.

Alasiri baba mdogo akafika kutoka Bungoma. Alisimama karibu na gari, kofia mkononi, bila hata salamu.

"Shemeji, wacha hiyo kazi kwanza."

"Si ungoje kidogo," mama alijibu bila kuinua macho. "Imebaki upande mmoja tu."

"Shemeji, ndugu yangu ametuacha leo asubuhi."

Mama hakulia. Alichovya brashi tena, akasugua ule upande uliobaki mpaka ukang'aa, na baba mdogo hakuthubutu kumzuia. Kisha akanipa kifuniko nikishike, kizito, bado kinachuruzika maji. Akafuta mikono kwenye leso, akamtazama shemeji yake.

"Alikuwa amekula?"